Inachemsha Jumapili Tu

Moshi mweupe ulifumka kwenye boneti pale pale pa siku zote, getini kwa Mama Daniel.

Mzee Anaeli alivuta handibreki, akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa.

"Umeona sasa? Nimegusa nini?"

Binti yake Lilian, kwenye kiti cha pembeni, aliitazama ile mikono. Alikuwa hajaiondolea macho tangu asubuhi. Kweli, mzee hakugusa kitu.

Pikapu ile ilikuwa na vituko jamani. Katikati ya wiki ilishusha ndizi sokoni, salama. Ilikwenda Kikwe kuchukua mahindi, ikarudi salama. Ilipanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe mpaka matairi yakalalamika, na mshale wa joto haukutikisika. Lakini ije Jumapili, inatoka kanisani Kimandolu kupanda nyumbani, imebeba mzee mmoja na Biblia yake, basi inachemsha. Tena haichemshi bondeni wala kileleni. Inachemsha kwa Mama Daniel, mjane, ambaye maandazi yake hata mchungaji huyaulizia.

Fundi Sironka alihangaika nayo. Alibadilisha fen belti, akabadilisha themostati na pampu ya maji, akazibua rejeta. Alikagua hata ule mpira mdogo wa kifuniko cha rejeta, ambao ukikosekana gari lolote litachemsha mlimani, akaukuta mahali pake, mzima kabisa. Mwisho alijifuta mikono, akamwambia Lilian kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya:

"Dada, gari halina ugonjwa. Mgonjwa ni dereva."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Kuanzia hapo majirani wakawa wanampa mzee pole ya gari huku wanakonyezana.

Mzee Anaeli alikasirika, tena si kidogo. Pikapu ile aliinunua enzi kahawa ikiwa kahawa. Ndiyo iliyompeleka marehemu mkewe hospitali, ndiyo iliyompeleka Lilian kufunga ndoa. Aiharibu kwa ajili ya andazi? "Nikitaka kwenda kwa mtu, ninayo miguu!" alifoka. Miguu alikuwa nayo, ila hakwenda. Mzee wa kanisa hapigi hodi kwa mjane bila shughuli, watu wana midomo.

Lilian aliamua kumaliza ubishi. "Jumapili hii tuko wote, baba. Ukiichokoza nitakuona. Ikichemsha yenyewe, basi imekwisha, tunaiuza. Yuko mtu wa Terrat anataka vyuma. Siku moja itakuzimikia kwenye kona na mimi sitaki kukuzika."

Mzee alikubali, maana alikuwa na hakika itapona kwa aibu.

Basi siku hiyo Lilian alimganda. Kanisani alikaa naye benchi moja. Ibada ilipokwisha na watu wakakusanyika uani kwa mnada wa sadaka, alisimama naye bega kwa bega. Mzee Anaeli ndiye aliyekuwa dalali wa mnada, na alipomwinua jogoo na kumsifia tabia njema, kanisa zima lilimzunguka likifa kwa kicheko. Mama Daniel tu ndiye aliyewahi kuondoka, kama ilivyo kawaida yake. Alisema ameacha birika jikoni.

Na sasa moshi huo hapo.

"Poleni jamani," alisema Mama Daniel, akitoka na ndoo ya maji na kitambaa kizito.

"Shikamoo mama," alisema Lilian.

"Marahaba mwanangu. Karibuni, chai iko tayari. Ngoja niongeze kikombe cha tatu." Akamgeukia mzee aliyekuwa anasogelea boneti. "Baba Lilian, hebu acha! Utaungua. Marehemu mume wangu alikufa na kovu la rejeta mkononi, na alikuwa fundi. Ikipoa nitaweka maji mwenyewe, si ndivyo siku zote?"

Wakakaa barazani. Maandazi yalikuwa ya moto, lakini mzee alilishika lake bila kulila.

"Mama, leo ndiyo mwisho wa kukusumbua," alisema Lilian. "Pikapu inauzwa kesho."

Mkono wa Mama Daniel uliganda na birika hewani.

"Inauzwa?"

"Ni kweli," mzee alisema. "Nilidhani wananisingizia, kumbe imezeeka tu. Nimeitunza kama mtoto, Mama Daniel. Inaniuma, siwezi kusema uongo."

"Na Jumapili utapandaje mlima?"

"Nitakodi bajaji."

"Bajaji haichemshi," Lilian alimfariji baba yake. "Itakupitisha hapa moja kwa moja mpaka mlangoni kwako."

Mama Daniel aliweka birika chini. Alitazama barabara, akamtazama mzee, akatazama pikapu iliyokuwa bado inatoa mvuke pale getini.

"Msiuze," alisema hatimaye.

Kisha akavuta mkoba wake wa kanisani, ambao alikuwa hajauweka ndani tangu arudi. Akatoa kitabu cha nyimbo. Akatoa leso. Halafu, bila kumtazama mtu usoni, akaweka kwenye kisahani, kando ya maandazi, mpira mdogo wa kifuniko cha rejeta, bado una majimaji.