Msalaba wa Veneranda

Fundi Mkude alipomaliza kuandika jina la marehemu kwenye msalaba, Kaselya, mumewe marehemu, alilitazama, akatikisa kichwa. Herufi zilikuwa nene, zenye vikucha miguuni, na zote zimeinama kulia kama watu wanaokimbilia basi.

"Fundi, hizi ni za saluni."

Kweli zilikuwa za saluni. Mkude huyohuyo ndiye aliyeandika jina la Veneranda juu ya mlango wa saluni yake, ng'ambo ya barabara, likawa linaita wateja kutoka mbali. Bado lilikuwa pale. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Nisamehe, shemeji. Nafuta."

Akafuta kwa mafuta ya taa, akaanza upya. V ikasimama wima. E nayo ikasimama. Alipofika kwenye R mkono ukaegemea kulia, na herufi zilizofuata zikaanza kukimbia tena. Akafuta. Safari hii akaishika brashi kwa mikono miwili, na bado zikainama.

"Mkono haujui nyingine," akasema bila kumtazama mwenzake. "Maisha yangu yote nimeandika bucha na saluni."

Kengele ya kanisa ikalia.

"Basi. Ziache."

Kaselya akaubeba msalaba rangi ikiwa mbichi. Mbele ya saluni akasimama, akauinamisha kushoto kidogo, kisha kidogo tena, mpaka herufi zikasimama wima. Akaenda nao hivyohivyo.

Kaburini, wakati wa kuusimika, kaka yake akamnong'oneza, "Unyooshe. Umepinda."

Kaselya akazidi kuukamata, umeinama vilevile, na udongo ukaanza kumwagwa miguuni pake.