Kiwanja cha Heche

"Nyumba zijengwe uwandani," alisema Agustina. "Kaburi la mume wangu lisiwazuie. Lisawazisheni."

Baraza zima la Kerende liligeuka kumtazama. Bhoke, jirani yake, alijifunika mdomo kwa khanga. Hakuna aliyewahi kumsikia mjane akitamka neno kama hilo.

Kornelio, mwanangwa aliyekuwa mkuu wa kijiji, alimtupia jicho Bwana Shauri, afisa wa serikali aliyekuwa amekuja kutoka Tarime na askari wake akitaka jibu siku hiyo hiyo. Familia zilizoondolewa kwenye mbuga ya wanyama zilikuwa zimerundikana mahemani nyuma ya kanisa, watoto wanakohoa, na mawingu ya masika yalishaanza kujikusanya. Nyumba zao zilitakiwa kusimama kabla ya mvua. Mahali penyewe palikuwa pawili tu: uwanda wa chini, ambako Agustina na marehemu mumewe, Heche, walikuwa na mji wao zamani, au kilima cha mawe ng'ambo ya kijito.

"Shemeji, umelogwa?" Simioni alisimama. Alikuwa mdogo wake Heche, mtu mpole asiyezoea kusema mbele za watu. "Kaka yangu alipokuwa hai, askari hawakumpa usingizi. Kila siku, Heche yuko wapi, Heche ameua mtu kwenye wizi wa ng'ombe huko mpakani. Walipoonyeshwa kaburi ndipo wakamwacha. Leo sisi wenyewe tumfuate humo humo ndani?"

Wazee waliguna kumuunga mkono. Waliukumbuka vizuri mwaka ule wa ndui. Heche alipougua, hakuna aliyethubutu kusogea kwenye mji wake. Mkewe na mama yake, ambao ugonjwa ulishawapitia wangali watoto, ndio walioshika majembe wakafukia, kisha wakachoma nyumba. Mama naye alishafariki. Amebaki Agustina, na sasa ndiye huyu anayesema kaburi lisawazishwe.

"Heche hawezi kukasirika," Agustina alisema. "Namjua mume wangu. Mngemuuliza mwenyewe angewaambia mjenge pale."

"Na kilimani kuna ubaya gani?" aliuliza Kornelio.

"Kuna chui. Na maji yako mbali, hao watoto watateseka."

Mzee Tomaso alicheka kidogo. "Mama, mbona wewe unakwenda kuokota kuni kule kila jioni, na huyo chui hajakulamba hata kisigino?"

Watu wakacheka naye. Agustina aliketi, akainuka, akaketi tena. Nyuma yake alimsikia Bhoke akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu amepata mwanamume, ndiyo maana alikataa kurithiwa na Simioni, na sasa anataka hata alama ya marehemu ipotee. Hakugeuka.

Kornelio aliwapa watu nafasi ya kunywa maji. Agustina akamfuata Simioni hadi kwenye ukuta wa kanisa.

"Shemeji, nakuomba. Wewe peke yako ukikubali, wazee watakubali. Niachie jambo hili, usiniulize sababu."

"Nitakubalije?" Macho ya Simioni yalikuwa mekundu. "Kila Jumapili napita pale kumsalimu. Namweleza habari za ng'ombe, habari za watoto. Sikumshika mkono alipokuwa anakufa kwa sababu niliogopa ndui. Nikiruhusu watu wapike na kufua juu yake, nitakuwa mtu gani?"

Agustina alifungua mdomo amwambie. Askari mmoja wa Bwana Shauri alikuwa amejiegemeza kwenye pembe ya ukuta huo huo, anasafisha kiatu kwa kijiti. Agustina akaufunga mdomo.

Waliporudi barazani mambo hayakuchukua muda. Mikono ikainuliwa, karibu yote kwa kilima. Bwana Shauri aliitikia kwa kichwa, akaeleza kazi itakavyokwenda. Kesho asubuhi vijana wapande na mapanga kufyeka, na mawe makubwa yapasuliwe kwa baruti. Askari wangetangulia jioni hiyo hiyo, wachunguze kilima chote, kisha walale huko kulinda saruji na bati.

Simioni alimshika Agustina mkono. "Najua unaumia, shemeji. Siku moja utanishukuru."

"Ninajua ulivyompenda," alijibu, akauchomoa mkono wake.

Hakungoja watu watawanyike. Alipita nyumbani, akachukua kikapu na kamba ya kuni, akavuka kijito bila kukunja nguo. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Njiani aliruka kuni kavu nzuri, tena nyingi, asiinamie hata moja. Mara mbili aligeuka kutazama barabara, na mara ya pili aliliona vumbi la gari. Akaanza kukimbia.

Kati ya mawe mawili yaliyoegemeana alisimama, akapiga mluzi mwembamba. Mwanamume mwenye ndevu ndefu alijitokeza kwa magoti, akifumbafumba macho kwa sababu ya mwanga.

"Kusanya vitu vyako," Agustina alisema. "Wanajenga hapa. Askari wako njiani."

"Ulisema watajenga uwandani."

"Nilisema hivyo hata barazani. Simioni amekataa, na watu wote wamemfuata."

"Simioni? Ndugu yangu mwenyewe? Amekataa kwa nini?"

Agustina alikuwa anamfungia ugali kwenye kitambaa.

"Hataki mtu akanyage kaburi lako."