Kamba Yenye Mafundo

"Citoyenne Domitille, chagua," mwamuzi wa mtaa alisema. "Ile mbwa iuawe, na jirani yako atunze mutoto mupaka apone? Ao tupeleke maneno ku parquet, kwa bashitaki ba serikali, bamufunge yeye mwenyewe?"

Domitille alimtazama binti yake aliyesinzia mapajani mwake, mguu ulioumwa na mbwa umefungwa bendeji.

"Nilikuwa nimeifunga," mzee jirani alisema, kofia mkononi. "Kila siku naifunga."

"Na kamba iko wapi?"

"Naitafuta tangu asubui. Ni kamba ya zamani, imejaa mafundo."

Watu wakacheka. Mbwa gani huyo, anayefungua kamba yake na kuificha?

Domitille alivuta kitambaa chake cha kichwa kikashuka hadi kwenye nyusi. Alfajiri ya siku ile, kamba yake ya kubebea mizigo kwa paji la uso ilikatika, na gunia la makaa lilikuwa linangoja kupandishwa hadi soko la Kadutu. Mbwa alikuwa amelala fofofo. Alijiambia atairudisha kamba kabla mzee hajaamka.

"Maman," mzee alisema kwa sauti ya chini, "kama ni mimi nilisahau, unisamehe."

"Mbwa iuawe!" Domitille alisema upesi.

Sauti yake ilimwamsha mtoto. Akampapasa mama yake usoni, akakisukuma kitambaa juu, kidole kikapita polepole kwenye ule mchubuko uliovuka paji la uso, kikisimama hapa na pale.

"Pole, maman," akasema. "Haya mafundo ilikuumiza?"