Harufu ya Mwaka 2005

Dinah Lusweti alitapika mara mbili kabla ya kulifikia boksi la mwaka 2005.

Mara ya kwanza ilikuwa mlangoni, harufu ya mikojo ya popo ilipompiga puani. Mara ya pili aliinua faili na panya aliyeoza akainuka nayo, amenata kwenye jalada. Hapa ndipo chuo kilipohifadhi kumbukumbu zake miaka yote, katika stoo nyuma ya jikoni, ambako maji ya kuoshea sufuria yalipenya ukutani. Na wakubwa bado walisimama mikutanoni wakasema wanaienzi historia. Kinyaa kitupu.

Sasa walikuwa wamejenga jengo jipya, la vigae vyeupe na mashine nne za kuskani, na wakamtuma Dinah aliyejifunza kazi ya nyaraka achambue uozo huu kwa mikono. Glavu walimpa jozi moja.

"Madam, umeipata faili yangu?" sauti iliuliza kutoka nje.

Ilikuwa ya Cleophas Shikanga, mkulima wa miwa kutoka Shianda. Hii ilikuwa siku yake ya nne kufika. Hakukubali kuingia ndani ya jengo lolote la chuo wala kuegemea ukuta wake. Alisimama kwenye nyasi, mikono nyuma, na chai aliyoletewa asubuhi aliimwaga mbele ya aliyeileta.

Binti yake Shantel alikaa kwenye ngazi, begi miguuni, karatasi za kujiunga na chuo mapajani. Usajili wa wanafunzi wapya ulikuwa unafungwa saa kumi na moja jioni hiyo. Saa tisa ilikuwa imepita.

"Nilikuwanga mwanafunzi hapa," Cleophas alikuwa amemwambia Dinah siku ya kwanza. "Mwaka wa tatu. Wakanifukuza eti nimeuza mtihani. Mimi! Sijawahi kuuza hata kalamu. Nikasikia kwa redio mnafungua mafaili. Nataka nione nani alinichafua. Nikiona hilo jina, msichana ataingia. Nisipoliona, basi bado ni wale wale, na mtoto wangu hatakula obusuma, ugali ya wezi."

Siku ile Dinah alimwona mkaidi tu. Lakini kadiri alivyochimba kwenye mavi ya popo, ndivyo alivyozidi kumwelewa. Watu walioweza kutupa maisha ya wanafunzi wao mahali kama hapa wangeshindwa kumsingizia kijana wa watu? Alijikuta anakichukia chuo kwa niaba yake, na mshahara wake mwenyewe ukaanza kumnukia vibaya.

Faili ilikuwa chini kabisa, imelowa pembe moja. Dinah aliitoa hadi kwenye mwanga, akaiweka juu ya meza ya mbao iliyokuwa nje. Cleophas alisogea hatua mbili, akasimama hapo.

Juu kulikuwa na barua ya kumfukuza. Chini yake, shtaka lenyewe, ukurasa mmoja. Dinah alishuka na kidole hadi mahali pa jina la mshtaki.

Palikuwa na tundu. Panya walikuwa wamepatafuna.

"Pole, mzee," alisema. "Jina halipo."

Cleophas hakushangaa hata kidogo. Alitema mate kwenye nyasi.

"Hata panya wao wanajua kuficha. Shantel, beba begi twende."

"Baba, tafadhali," msichana alisema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini aliinuka. Alikuwa amelelewa kutii.

"Ngojeni," alisema Dinah. "Kuna bahasha tatu hapa nyuma. Hazijafunguliwa."

Zilikuwa za kahawia, zenye muhuri wa chuo, zimeandikiwa Cleophas Shikanga kupitia sanduku la posta la shule moja ya msingi huko Shianda. Kwenye kila moja mtu alikuwa ameongeza, kwa herufi kubwa za kalamu ya buluu: RUDISHENI KWA WENYEWE.

Kwa mara ya kwanza katika siku nne, Cleophas alicheka.

"Huo mwandiko ni wangu! Mwalimu wa hiyo shule alikuwa ananiletea, mimi naandika hivyo, namrudishia. Halafu nanawa mikono na sabuni."

"Hukutaka kujua wamesema nini?"

"Niende kutafuta matusi mengine ya nini? Yale ya kwanza yalinitosha, madam."

Dinah alimweleza utaratibu wa kazi: barua iliyofungwa haiwezi kupita kwenye mashine, na mwenyewe akiwa hai hufunguliwa mbele yake, kwa ruhusa yake. Cleophas alizitazama zile bahasha, mdomo ameukunja.

"Fungua," alisema. "Tena usome kwa sauti. Huyu mtoto asikie hawa ni watu wa aina gani, asije akanilaumu maisha yake yote."

Dinah alichukua ile yenye tarehe ya zamani zaidi. Ilikuwa imeandikwa siku tisa tu baada ya barua ya kumfukuza. Aliipasua kwa kisu, akapitisha macho, kisha akamtazama Cleophas, halafu Shantel, halafu tena karatasi.

"Soma, madam," alihimiza Cleophas. "Usiogope matusi."

Dinah aliinamia karatasi.

"'Ndugu Shikanga,'" alisoma, "'aliyeuza mtihani amepatikana na amekiri. Wewe huna hatia, na tunakuomba radhi. Nafasi yako ipo. Tafadhali rudi darasani Jumatatu.'"