Mtani Kaburini

Kaburi lilipokuwa tayari, Siwatu alivua viatu, akashuka ndani, akakaa kitako. Hakuna aliyeshtuka. Alikuwa mtani wa marehemu Luhende, na kwa mila yao mtani akishika kaburi hatolewi kwa nguvu, husikilizwa.

"Haya mtani, unataka mbuzi?" wachimbaji walimtania.

"Mbuzi nile na nani? Luhende kaniachia njaa nyingine."

Akachomoa rundo la karatasi ndani ya khanga. Lilikuwa toleo jipya la jarida la chuo, alilolihariri pamoja na Profesa Luhende: nyimbo za mavuno, mila za bonde lile, majina ya ndege wake. Mkuu wa Chuo alikataza lisichapwe. Alisema jarida halina wasomaji, lifungwe.

"Mkuu aseme hapa kwamba litachapwa. La sivyo, mzikeni juu yangu. Tumezoea kubanana, ofisi yetu haikulizidi shimo hili."

Watu waliangua kicheko, hata mjane. Mkuu alijaribu kucheka nao.

"Mama Siwatu, hayo tutayaongea ofisini."

"Ofisini huna nafasi, baba. Leo unayo."

Wabebaji wakalitua jeneza chini. Siwatu akafungua ukurasa wa ndege, akaanza kusoma kwa sauti, jina moja moja. Alipofika kwa kipozamataza, mtu nyuma ya umati akaiga mlio wake. Mwingine akaitikia.

Mkuu akageuka kuwatazama. Kisha akapandisha suruali magotini, akachuchumaa ukingoni mwa kaburi, amsikilize.