Kutu ya Kisu cha Breki

"Kimeshika kutu tena," alisema Mzee Breki, akakiweka kisu mezani kama mtu anayemrudisha mtoto mtukutu kwa mama yake.

Mama Fundi alivua miwani ya kazi, akakichukua. Kilikuwa kisu kidogo cha kukunja. Wiki iliyopita kilitoka kwenye karakana hii ya nyumbani kikiwa cha kijivu safi kama majivu. Sasa kilikuwa chekundu mpaka ndani ya skrubu.

"Unakifanyia nini, Mzee?"

"Namenyea machungwa tu. Maji ya machungwa ni makali, si unajua."

"Haya. Kaa."

Alikaa kwenye kiti kilekile, kando ya dirisha. Kabla ya kustaafu alikuwa dereva wa lori, na wenzake walimwita Breki kwa sababu, walivyodai, hata mlima aliupanda huku amekanyaga breki. Kisu alipewa na mkewe, ambaye sasa ni marehemu. Kwenye bamba la mpini alimchongeshea maneno mawili: *Rudi salama*.

Mama Fundi alifungua skrubu, akatenganisha ubapa, springi na mabamba ya mpini, akaviingiza kwenye sanduku la bati ambalo marehemu mumewe alilitengeneza kwa mikono yake. Juu lilikuwa na kioo, mbele matundu mawili yenye glavu ndefu, nyuma mpira wa kutoka kwenye kompresa. Akatia mikono, akakanyaga swichi. Mchanga uliorushwa na upepo wa kompresa ukaanza kula kutu kwa kelele.

Kompresa ya nyumbani ina pumzi fupi. Kila baada ya muda ilibidi kusubiri ijaze upepo, na hapo ndipo walipoongea.

"Daktari kanikataza chumvi," alisema Breki.

"Kabisa?"

"Kabisa. Nimebaki na pakiti nzima jikoni, tunatazamana tu."

"Mpe jirani."

"Jirani yupi? Tunajuana kwa kufunga milango." Akajikuna kidevu. "Na bintiyo?"

"Anapiga kila Jumapili kuuliza kama nimeuza mashine; hata mnunuzi kanitafutia. Anasema mavumbi haya yataniua. Namwambia nina wateja."

Breki akaangalia rafu tupu, akaangalia meza tupu. "Wako wapi?"

"Si wewe hapo."

Wakacheka. Kompresa ikajaa, Mama Fundi akakanyaga swichi tena.

Kuna jambo Mama Fundi hakuwahi kumwambia. Chuma kikitoka kwenye mchanga kinakuwa uchi. Usipokipaka grisi siku hiyohiyo, unyevu wa hewa tu unakishika. Visu vya wateja wengine, enzi walipokuwepo, alivipaka grisi vyote. Cha Breki, mara ya kwanza, alisahau. Breki akarudi nacho, wakaongea mpaka jua likahama dirishani. Mara ya pili hakusahau, aliacha makusudi. Tangu hapo kopo la grisi lilikaa nyuma ya pazia, ingawa hata yeye alishangaa jinsi kutu ya kisu kile ilivyokuwa na bidii.

Siku hiyo, mashine ilipozimika, aliliinua bamba la mpini kwenye mwanga. Kutu ilikuwa ikiingia kwenye herufi, nazo herufi zikawa zinapigwa mchanga pamoja na kutu yake. Neno la pili lilikuwa limefutika. La kwanza lilionekana tu ukiligeuza bamba upande.

Nafsi ikamsuta. Aliyechongesha maneno yale hayupo tena kuyachongesha upya. Na yeye anayafuta, wiki baada ya wiki, ili apate mtu wa kukalia kiti.

Akaenda nyuma ya pazia, akaleta kopo. Alipaka kila kipande, chini ya springi, ndani ya matundu ya skrubu, akakifunga kisu na kukifuta.

"Hicho nini?" aliuliza Breki.

"Grisi. Sasa hakishiki kutu tena, hata ukimenya machungwa ya soko zima."

"Tena kabisa?"

"Kabisa."

Breki alikigeuzageuza kisu mkononi. "Kazi nzuri," alisema, kwa sauti ndogo. Mlangoni alisimama, akakitazama kiti, kisha akaenda zake.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mama Fundi alifagia, akachekecha mchanga ambao haukuhitaji kuchekechwa. Kile kiti alikitundikia aproni ili kisionekane kitupu, kikazidi kuonekana kitupu. Jumapili binti alipopiga na kuuliza lile swali lake, alijibu, "Mlete huyo mnunuzi."

"Kweli, Mama?"

"Nimesema mlete. Unataka niimbe?"

Siku ya kuja mnunuzi alikuwa amekwishachomoa mpira wa kompresa na kuuviringisha aliposikia mlango ukigongwa. Akajifuta mikono, akafungua.

Alikuwa Breki. Hakusalimia vizuri. Alipita moja kwa moja, akaondoa aproni kwenye kiti, akakaa, na kukiweka kisu mezani.

"Kimeshika kutu tena."

Kilikuwa chekundu kuliko siku zote. Mama Fundi alikinusa. Grisi hakuna, harufu ya sabuni ya kufulia tu. Alifungua skrubu, akainua springi. Chini yake, kwenye kona, palikuwa na punje nyeupe zilizogandamana.

"Machungwa," alisema Breki haraka, macho yake darini. Hakuwa ameulizwa.

Mama Fundi alizigusa zile punje kwa ncha ya kidole, akakipeleka kidole ulimini.

Chumvi.

Akaukunjua mpira, akaurudisha kwenye kompresa.