Kisanduku Kilichokataa Kuwaka

Taa ya kijani iliwaka, ikapepesa, ikazimika tena.

Mederbek, fundi wa mtandao, aliegemeza paji la uso kwenye ngazi. Magoti yalikuwa yakimuuma. Dishi dogo la paani amekwisha kuligeuza likauelekea mnara wa mlimani, waya ameubana sawasawa, na kupitia dirishani ameiona taa ikiwaka kwa macho yake mwenyewe.

"Mama Burul! Nani kakigusa kisanduku?"

"Mimi, mwanangu," bibi akajibu toka ndani. "Nimekichomoa kidogo, nimechomeka mashine ya malai. Maziwa hayasubiri mtandao."

Mederbek akashuka ngazi polepole, kama mtu aliyebeba gunia. Mpaka chai ya kwanza kazi ilikuwa imekwenda kama maji. Kisha akaja mpanda farasi getini, akanong'onezana na Mzee Sadyrkul, mume wa bibi na mwenye nyumba, akageuza farasi akaenda zake bila hata kumega mkate. Mambo ya kondoo waliopotea, Mederbek alidhani. Tangu hapo, kazi ikaota miiba.

Kwanza Mama Burul alikifunika kile kisanduku kwa kitambaa cha kudarizi, kibichi, kimetoka kufuliwa, eti kisiingie vumbi. Ikabidi kifunguliwe na kukaushwa. Halafu likaja suala la neno la siri la kuingilia mtandaoni. Bibi alichagua jina la mjukuu wa kwanza, akawaonea huruma wengine, akataka libadilishwe. Likabadilishwa. Akasema la kwanza lilikuwa zuri zaidi.

Mzee Sadyrkul naye aliondoka na waya wa umeme mfukoni, akaenda nao mpaka zizini.

"Mzee wangu," Mederbek alimwambia alipompata, "humu ndani mna mwizi?"

"Mwizi ni uzee, mwanangu. Huiba akili, huacha ndevu."

Siku nyingine angecheka. Leo alitaka kumaliza tu. Bonde lile lote halikuwa na mawasiliano. Simu huku ilikuwa saa na tochi basi, na kijijini kwake, ng'ambo ya mlima, ilikuwa vilevile. Mtandao wa nyumba hii ndio ungekuwa wa kwanza. Na mwanawe Ilgiz, aliyekuwa akijenga maghorofa Urusi, alikuwa njiani kurudi. Aliahidi kuandika akishapanda ndege. Mama yake amekwisha kupaka chumba chake chokaa, ameanika magodoro, amemfungia dume la kondoo pembeni. Taa ile ikikaa tu, Mederbek angeingiza neno la siri kwenye simu yake, na maneno ya mtoto yangemiminika.

"Njoo ule," Mama Burul akaita.

"Nimekula, mama. Nimekula na kula tena."

"Kula bado. Kupanda mlima si mchezo."

Alimwekea nyama, mkate wa moto na bakuli la malai, akakaa mbele yake, mikono mapajani, akimwangalia kila tonge. Macho yake yalikuwa mekundu. Moshi wa samadi iliyochomwa badala ya kuni jikoni humo ungemliza hata ng'ombe.

"Mnanilisha kama bwana harusi," Mederbek alisema. "Mtandao wenyewe hamuutaki, naona."

Mzee Sadyrkul alikuwa mlangoni, amekipa kisanduku kisogo. "Mimi niliutaka kwa ajili ya wajukuu. Lakini una ubaya wake. Kubat, mtoto wa mdogo wangu, alikuwa mjini anakula peke yake kibandani. Simu ikalia. Akasoma kwamba mama yake amefariki. Hakuna hata wa kumshika bega! Sisi tulizoea habari kama hiyo iletwe na wazee, wakiwa wengi, mtu amekalishwa chini. Sasa inaletwa na kitu kinacholia kama kifaranga."

"Kinaleta na furaha pia, mzee wangu. Subiri uone leo."

Mzee alichungulia nje. Alikohoa, akatoka kwenda getini. Siku nzima hiyo alikuwa akienda getini.

Mederbek alifuta mikono. Akakichukua kisanduku, akakibandika juu kabisa ya kabati, mahali bibi asipofika hata kwa kigoda. Akachomeka waya ukutani, akauziba kwa mgongo wake mwenyewe, akasimama hapo kama mlinzi wa ghala.

"Mama yangu, nakuomba. Usiguse. Dakika chache tu."

"Mederbek..." bibi alianza, akageukia dirisha.

Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya tatu ikapepesa, ikatulia. Akatoa simu mfukoni, akaanza kuandika jina la mjukuu.

Nje gari kuukuu lilizimwa injini. Wakashuka wazee, kofia nyeupe ndefu vichwani, makoti yao yamefungwa mishipi. Mederbek aliwachungulia dirishani, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mnaona? Haujakaa sawa, na wageni wameshafika kuutazama!"

Wakaingia. Wa mwisho alikuwa Toktosun, kaka wa kuzaliwa wa Mederbek, wa kule ng'ambo ya mlima. Mama Burul aliinyoosha mikono yake miwili, akaishika simu ya Mederbek, akaitoa taratibu vidoleni mwake. Wazee walimpita mwenye nyumba bila kumpa mkono. Wakamzunguka fundi.

"Kaa chini, mwanangu," alisema mkubwa wao. "Ilgiz alikuwa amana ya Mungu. Mwenyewe ameichukua."